Mhindi anayetaka kuhama moja kwa moja: Marekani, Kanada, Uingereza, Australia au Ujerumani?

Tuseme kuna mabinamu wawili wa ukoo wa Patel, wote wahandisi wa kompyuta, umri mmoja, shahada moja. Wa kwanza alizaliwa Ahmedabad. Wa pili, mama yake alijifungulia Nairobi, kisha familia ikarudi Gujarat akiwa mchanga. Leo wote wana pasipoti ya India, wote wako Marekani, na waajiri wao wamewaombea Green Card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, wiki moja. Yule wa Nairobi atasubiri miaka michache. Yule wa Ahmedabad ameingia kwenye foleni ambayo mwishoni mwa 2025 ilikuwa bado inawahudumia waliojipanga mwaka 2013. Foleni ya Marekani haiulizi umebeba pasipoti gani. Inauliza ulizaliwa wapi.

Waliosoma Pune, Bengaluru au Chandigarh, na Watanzania na Wakenya waliosoma huko si haba, wameusikia mjadala huu bwenini usiku kucha: twende wapi, kwa masomo au kwa kazi? Ulinganisho mwingi unaosambazwa huanza na mshahara. Mimi naona mshahara ni swali la tatu. La kwanza ni hili: kibali chako amekishika nani, wewe au bosi? La pili: tangu unatua uwanja wa ndege mpaka unaacha kuwa mgeni, ni muda gani? Nchi tano zinajibu maswali hayo kwa njia tano tofauti kabisa. Takwimu ninazotumia ni za hadi mwanzoni mwa 2026, na mambo haya hubadilika haraka, hivyo kabla ya kulipa ada yoyote hakikisha kwenye tovuti ya serikali husika.

Marekani na Kanada

Njia iliyozoeleka ya Mhindi kuingia Marekani ni kusoma shahada ya uzamili. Akihitimu hupewa mwaka mmoja wa kufanya kazi, na kama alisoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaongezewa miezi 24. Ndani ya miaka hiyo mitatu mwajiri humwingiza kwenye bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi za kitaalamu: nafasi 65,000 kwa mwaka, na nyingine 20,000 kwa wenye uzamili wa vyuo vya Marekani. Asipochomoka, anafunga virago, au anarudi darasani kusoma shahada asiyoihitaji ili tu asikose kibali. Kanuni iliyotangazwa Desemba 2025 imeongeza jambo jingine: anayelipwa mshahara wa daraja la juu ana nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Kijana aliyemaliza chuo juzi hapo ameumia.

Akichomoka, H-1B inampa miaka 3, inaongezwa kuwa 6, na baada ya hapo inaendelea kuongezwa iwapo ombi la Green Card la mwajiri limekubaliwa. Hapa ndipo mtego ulipo. Green Card za kazi ni 140,000 kwa mwaka, zikijumlisha wake, waume na watoto, na hakuna nchi inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7. India yenye watu zaidi ya bilioni 1.4 ina ukomo uleule wa Iceland. Matokeo yake ni Wahindi zaidi ya milioni moja, pamoja na familia zao, waliokaa kwenye foleni. Wanalipa kodi, wananunua nyumba, watoto wao hawajui lugha nyingine ya shuleni ila Kiingereza. Lakini baba akiachishwa kazi ana siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Na mtoto akifika miaka 21 kabla zamu ya mzazi haijafika, anatoka kwenye ombi la familia na kuanza upya kama mgeni katika nchi aliyokulia.

Septemba 2025 Ikulu ya Marekani iliongeza ada ya dola 100,000 kwa ombi jipya la H-1B la mtu aliye nje ya nchi. Aliyeko ndani kwa viza ya mwanafunzi na kubadilisha hadhi hapohapo hakuguswa. Kwa hiyo mlango wa mwanafunzi, ambao ndio wa gharama kubwa kwa familia, umegeuka kuwa mlango wenye nafuu. Mhandisi aliyeko Hyderabad mwenye uzoefu wa miaka 8 ana kazi ngumu zaidi kuingia kuliko mdogo wake aliyekopa pesa za chuo, isipokuwa kampuni yake ina ofisi pande zote mbili na inaweza kumhamisha kwa viza ya L-1. Tajiri ana njia yake: uwekezaji wa kuanzia dola 800,000 katika maeneo maalumu. Na ile bahati nasibu ya Green Card ambayo Watanzania na Wakenya wamekuwa wakiijaza miaka nenda rudi kwenye vibanda vya intaneti, Mhindi haruhusiwi hata kuijaza, kwa sababu nchi yake tayari inapeleka watu wengi mno.

Kuna upenyo mmoja wa kuchekesha kidogo. Sheria inamruhusu mtu kutumia nchi aliyozaliwa mwenzi wake. Patel wa Ahmedabad akimuoa binti aliyezaliwa Mombasa, wanaweza kupanga foleni ya Kenya wote wawili. Wazee waliokuwa wakiuliza ukoo na nyota, sasa wana sababu ya kuuliza na cheti cha kuzaliwa.

Ukivuka mpaka kuingia Kanada, swali la ulizaliwa wapi linatoweka. Mfumo wa Express Entry, ulioanza Januari 2015, unahesabu alama: umri, elimu, lugha, uzoefu. Hakuna foleni ya nchi, na ukipata ukaazi wa kudumu unaupata wewe, haumhusu bosi yeyote. Ndiyo maana kwa miaka mingi Wahindi wamekuwa kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wakaazi wapya wa Kanada.

Tatizo liko kwenye hesabu yenyewe. Mchukue Mhindi asiye na mwenzi, umri miaka 29, ana uzamili, Kiingereza kizuri cha daraja la 9 kwa kipimo cha Kanada, na miaka 3 ya kazi Bengaluru. Umri unampa 110, elimu 135, lugha 124, na mchanganyiko wa hayo na uzoefu unampa 100. Jumla 469. Katika mwaka 2025 walioitwa kwa sababu ya uzoefu wa kazi ndani ya Kanada walihitaji zaidi ya 500. Akifika miaka 35 umri peke yake unakuwa umemnyang'anya alama 33. Zamani barua ya ajira ilikuwa inaongeza alama 50 au 200. Tangu 25 Machi 2025 haiongezi kitu, kwa kuwa barua hizo zilikuwa zimegeuka biashara ya madalali.

Sasa angalia upande wa pili wa shilingi: Machi 2025 kundi la wanaojua Kifaransa liliitwa kwa alama 379. Mhandisi yuleyule mwenye 469, akitumia mwaka mmoja na nusu akisoma Kifaransa kwa bidii katika Alliance Française ya Pune au Chennai, anahama kutoka mkiani hadi mbele. Watu hulipa madalali mamilioni ya rupia kutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato iliyo halali imekaa darasani ikiwasubiri. Njia nyingine ni kuteuliwa na jimbo, kunakoongeza alama 600, ila kila jimbo lina vigezo vyake, na mwaka 2025 nafasi zilipunguzwa.

Mwanafunzi wa Kanada ndiye aliyebadilishiwa mchezo zaidi. Januari 2024 serikali iliweka ukomo wa vibali vya masomo. Kiasi cha pesa cha kuonyesha kwa ajili ya kujikimu, ambacho kwa miaka kilikuwa dola 10,000 za Kanada, kilipanda hadi 20,635, na tangu Septemba 2025 ni 22,895, mbali na karo. Utaratibu wa haraka ambao Wahindi waliutumia sana ulifungwa Novemba 2024. Mwezi huohuo ikaanza kanuni kwamba wanaosoma stashahada za vyuo vya kati wapate kibali cha kazi baada ya kuhitimu iwapo tu fani yao iko kwenye orodha maalumu. Kwa vijana wa Punjab waliokuwa wakienda kusoma stashahada ya biashara katika vyuo vidogo pembezoni mwa Toronto, hilo lilikuwa kufungiwa mlango na funguo kutupwa.

Uingereza: karibu kwa masomo, subiri kwa mengine

Sitakaa sana hapa. Shahada ya uzamili ni ya mwaka mmoja, na hiyo ndiyo ladha yake. Baada ya hapo unapewa miaka 2 ya kutafuta kazi, ambayo itakuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa kawaida haruhusiwi kuja na mke, mume wala watoto. Ni wa utafiti tu. Ili kubaki unahitaji mwajiri mwenye leseni, na tangu Julai 2025 kima cha kawaida cha mshahara ni pauni 41,700 kwa mwaka. Ada ya huduma ya afya ni pauni 1,035 kila mwaka kwa mtu mzima, ukiilipa mapema kwa muda wote wa viza. Mlango wa watunza wazee, uliowaingiza wanawake wengi wa Kerala, ulifungwa kwa wanaotoka nje Julai 2025, na kabla haujafungwa wapo waliofika wakakuta mdhamini kanyang'anywa leseni.

Ukaazi wa kudumu umekuwa ukipatikana baada ya miaka 5 ya kazi. Serikali imetangaza nia ya kuifanya 10 kwa wengi. Hapo ndipo ningekuwa mwangalifu kuliko kwingine, kwa sababu nchi hii ina historia ya kubadilisha kanuni watu wakiwa njiani. Wahindi wa Kenya hawahitaji kuhadithiwa: mwaka 1968 bunge la London lilipitisha ndani ya siku tatu sheria iliyowafungia mlango watu waliokuwa wameshika pasipoti za Uingereza mkononi.

Australia na Ujerumani

Hizi mbili hazitajwi sana bwenini, na kwa maoni yangu ndizo zinazostahili kutazamwa kwanza.

Australia inahesabu alama kama Kanada, kuanzia 65, na mwisho wa umri ni kabla ya kutimiza 45. Lakini inapima fani zaidi. Muuguzi na mwalimu huitwa kwa alama ambazo mtu wa kompyuta hawezi kuziota. Huyu wa mwisho mara nyingi huhitaji 85 na kuendelea. Umri wenye alama nyingi ni miaka 25 hadi 32. Kabla ya yote, taaluma yako inapimwa na chombo chake, na ripoti hiyo huchukua muda na pesa, lakini ina faida moja kubwa: unajua ukiwa bado Kochi kama utakubalika au la. Ukikubali kuishi nje ya miji mikubwa, viza ya 491 inakuongezea alama 15, na baada ya miaka 3 unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ukija kwa mwajiri, anaweza kukudhamini kwa ukaazi wa kudumu baada ya miaka 2 ya kazi. Na ukipoteza kazi katikati, tangu Julai 2024 una siku 180 za kutafuta nyingine. Linganisha na zile 60 za Marekani, ukiwa na watoto wawili na mkataba wa nyumba.

India ilijipatia nafuu zake katika mkataba wa biashara na Australia: mhitimu Mhindi wa uzamili anabaki miaka 3 akifanya kazi, wa udaktari 4. Ubaya ni gharama. Ada ya viza ya mwanafunzi ilipandishwa hadi dola 1,600 za Australia mwaka 2024, kisha 2,000 mwaka 2025, na hairudishwi ukinyimwa. Hiyo ni kabla hujagusa karo.

Ujerumani ni kinyume chake: rahisi mfukoni, ngumu mdomoni. Vyuo vikuu vingi vya umma havitozi karo. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza euro 1,500 kwa muhula kwa wasio wa Umoja wa Ulaya, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kutoza, lakini hata hivyo ni chini mno ya bei za Toronto au Sydney. Kinachotakiwa ni akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 kwa mwaka, unayotoa 992 kila mwezi. Pesa hiyo ni yako, unaila mwenyewe. Mhindi huongezewa hatua moja: tangu Novemba 2022 vyeti vyake lazima vithibitishwe na ofisi ya APS kabla ya viza. Akihitimu ana miezi 18 ya kutafuta kazi.

Kwa mfanyakazi kuna Blue Card, kibali cha kazi na ukaazi kwa wenye ujuzi wa juu. Mwaka 2025 kima cha mshahara kilikuwa euro 48,300, na kwa fani zenye uhaba au wahitimu wapya 43,759.80, mwaka 2026 vimepanda kidogo. Mtu wa kompyuta asiye na shahada lakini mwenye uzoefu wa miaka 3 anaweza kuipata. Mwenzi wake haulizwi Kijerumani ili kumfuata, na akifika anaruhusiwa kufanya kazi. Halafu sikiliza hii: ukiwa na Kijerumani cha B1, yaani kiwango cha kati, unaomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21, ukiwa na A1 tu, kile cha mwanzo kabisa, miezi 27. Uraia, tangu Juni 2024, ni baada ya miaka 5. Mhandisi wa Ahmedabad akienda Stuttgart leo, atakuwa mkaazi wa kudumu wakati mwenzake aliyechagua Marekani bado anacheza bahati nasibu ya H-1B. Oktoba 2024 Berlin ilitangaza kupandisha viza za wafanyakazi wenye ujuzi kutoka India kutoka 20,000 hadi 90,000 kwa mwaka. Nchi nyingine zinapunguza, hawa wanaongeza, kwa kuwa wazee wao wanastaafu na vijana hawatoshi.

Mishahara ya Ujerumani ni midogo kuliko ya Marekani na kodi ni kali. Huwezi kununua jumba Hyderabad baada ya miaka minne. Na ofisi za wageni zina foleni zao, za karatasi na muhuri. Ila ni foleni yenye mwisho.

Kwa anayetaka kuona yote kwa jicho moja:

| | Kubaki baada ya kuhitimu | Ukaazi wa kudumu | Uraia |
|---|---|---|---|
| Marekani | mwaka 1. Miaka 3 kwa sayansi na teknolojia | mwajiri akuombee, kisha foleni ya nchi uliyozaliwa | miaka 5 baada ya Green Card |
| Kanada | hadi miaka 3, kwa masharti | alama. Kifaransa au jimbo hubeba | siku 1,095 ndani ya miaka 5 |
| Uingereza | miaka 2, inashuka hadi miezi 18 | miaka 5, serikali inataka 10 | mwaka 1 baada ya hapo |
| Australia | miaka 2 hadi 4 kwa Wahindi | alama, jimbo au mwajiri | miaka 4, mmoja ukiwa wa kudumu |
| Ujerumani | miezi 18 | miezi 21 au 27 kwa Blue Card | miaka 5 |

Mtauliza, na Ghuba je? Wahindi karibu milioni 9 wako nchi sita za Ghuba. Msomaji wa Muscat au Dubai hahitaji kuelezwa kafili, yule mdhamini anayeshika kibali chako, ni nani. Huko ni kazi na akiba. Hata viza ya dhahabu ya Emirati, ya miaka 10, ni kibali cha kuhuisha. Muuguzi wa Kerala huitumia Ghuba kama kituo cha kukusanya nauli na uzoefu kabla ya kuruka Ulaya au Australia, na hiyo ni akili nzuri.

Gharama ambayo haiko kwenye fomu

India haikubali uraia wa nchi mbili. Siku unayoapa mbele ya bendera nyingine, pasipoti ya India unairudisha. Unaweza kuomba kadi ya OCI, inayokuruhusu kuingia na kuishi India bila viza, lakini hupigi kura, hugombei, na hununui shamba. Mwaka 2024 Wahindi 206,378 waliuachia uraia wao. Mtanzania anayajua maumivu haya, maana mlango wake wa uraia pacha nao umefungwa. Wapo Wahindi wengi wanaobaki na ukaazi wa kudumu maisha yote kwa sababu ya ekari za baba, na hilo si kosa. Lakini Kanada inataka uwepo siku 730 katika kila miaka 5, kwa hiyo huwezi kuweka kadi kabatini ukarudi Ludhiana kulima.

Na kuna wanaozamia. Kipunjabi wanaiita njia ya dunki: ndege hadi Amerika ya Kusini au ya Kati, kisha misitu, mito na madalali. Januari 2022 familia ya watu wanne wa kijiji cha Dingucha, Gujarat, wawili wao watoto, ilikutwa imekufa kwa baridi kwenye theluji ya Manitoba, hatua chache kutoka mpaka wa Marekani. Tarehe 5 Februari 2025 ndege ya kijeshi ya Marekani ilitua Amritsar na Wahindi 104 waliorudishwa, pingu mikononi. Wengine familia zilikuwa zimeuza ardhi kumlipa dalali.

Ningekuwa mimi ndiye ninayeulizwa

Muuguzi wa Kottayam mwenye miaka 28: Australia kwanza, Ujerumani ya pili. Kerala ina ofisi ya serikali ya wahamiaji, NORKA, yenye mpango wa wauguzi na Ujerumani usiomtoza muuguzi ada ya dalali. Aipigie simu kabla ya kumjibu yeyote aliyemtumia ujumbe wa WhatsApp.

Mhandisi wa Hyderabad, miaka 31, mke na mtoto mmoja: Blue Card ya Ujerumani, huku akisoma Kijerumani tangu leo katika Max Mueller Bhavan, jina ambalo taasisi ya Goethe huitwa kule India. Kama moyo uko Kanada, basi Kifaransa. Marekani aende akijua anakwenda kutafuta pesa za miaka sita au kumi, na mtoto wake ajue hivyo pia.

Binti wa Mumbai aliyepata chuo kikubwa cha Marekani kwa ufadhili: aende, asisikilize mtu. Foleni ya watafiti na wenye vipaji vya pekee ni fupi kuliko ile nyingine, na shahada hiyo inafungua Berlin na Melbourne vilevile.

Mgumu ni kijana wa Jalandhar aliyemaliza shule juzi, baba ana ekari nne, na dalali ameshaleta fomu ya stashahada ya miaka miwili Ontario, Kanada. Ningemwambia baba asitie saini. Kijana aulize kwanza kama fani ile imo kwenye orodha ya kibali cha kazi. Kama haimo, karo yote ile inanunua cheti na tiketi ya kurudi. Ujerumani kuna mafunzo ya ufundi ya miaka 2 hadi 3 na nusu, kiwandani na darasani, na mwanafunzi analipwa kila mwezi badala ya kulipa. Umeme, mabomba, uokaji mikate, uuguzi. Sharti kubwa ni Kijerumani cha B1, na hicho anaweza kukipata Jalandhar bila kuweka rehani hata ekari moja.